Mtu ni Afya, 1973: kampeni ya redio iliyochimba vyoo, na deni letu sisi wanafunzi

Msomaji, hebu nianze na aibu yangu mwenyewe, maana ndiyo iliyonisukuma kuandika makala hii.

Nilipokuwa nakusanya data za tasnifu yangu ya uzamili, nilienda kijijini na dodoso la kurasa sita. Mada yangu ilikuwa uelewa wa jamii kuhusu magonjwa yanayotokana na uchafu wa mazingira. Siku ya pili nikamkuta bibi mmoja barazani kwake anachambua mboga. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa kigoda, nikaanza. Kuhara kunasababishwa na nini? Akajibu. Safura inamwingiaje mtu? Akajibu, tena akafafanua kwamba vijidudu vyake hupenya ngozi ya miguu ukitembea peku kwenye udongo wenye kinyesi. Nikaweka alama ya vema, nikafungua ukurasa.

Ndipo naye akaniuliza: "Mjukuu wangu, hayo maswali mimi nilikuwa nawauliza wenzangu mwaka ule wa Mtu ni Afya. Mbona hujaniuliza choo changu kimeanguka mara ngapi?"

Kilikuwa kimeanguka mara mbili. Udongo wa pale ni kichanga, masika yakija shimo linatitia. Sasa dodoso langu lilikuwa na swali moja tu la choo: je, kaya ina choo, ndiyo au hapana? Ilinibidi nijaze "hapana". Kwenye uchambuzi bibi yule angeangukia kwenye fungu la watu wenye uelewa mzuri lakini tabia mbaya. Yaani jedwali langu lingemwita mkaidi, wakati tatizo lake ni udongo.

Usiku ule sikulala vizuri. Niliporudi chuoni nikaanza kusoma habari za hiyo Mtu ni Afya, ambayo nilikuwa naijua kwa jina tu. Kumbe nilikuwa nimepitwa na mengi.

Kabla ya 1973

Turudi nyuma kidogo. Tanzania ya mwishoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa nchi changa ambayo takriban theluthi mbili ya watu wazima wake hawakujua kusoma na kuandika. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka 1967, na Mwalimu Nyerere alikuwa akisisitiza kwamba nchi haiwezi kungoja watoto wakue ndipo iendelee, lazima wazazi nao wasome. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima.

Madaktari walikuwa wachache, zahanati ziko mbali. Magonjwa yaliyokuwa yakiwasumbua watu zaidi yalikuwa malaria, kuhara damu, safura, kichocho na kifua kikuu. Ukiyatazama vizuri utaona kwamba mengi kati ya hayo yanaanzia nyumbani: maji yaliyotuama, kinyesi kilichotupwa ovyo, maji ya kunywa yasiyochemshwa. Hospitali ikikutibu leo, ukirudi kwenye mazingira yaleyale, baada ya muda utaugua tena.

Chombo kilichokuwa kimeanza kufika vijijini kilikuwa redio. Wazo la watu kukusanyika kuisikiliza na kujadili halikuzaliwa kwetu. Kanada walikuwa na vikundi vya wakulima vya namna hiyo tangu 1941, na India wakalijaribu miaka ya 1950. Hapa kwetu Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ililianza kidogokidogo: mwaka 1969 kwa kampeni ya Kupanga ni Kuchagua, kuhusu mpango wa pili wa maendeleo wa miaka mitano, mwaka 1970 Uchaguzi ni Wako, na mwaka 1971 Wakati wa Furaha, ya kuadhimisha miaka 10 ya Uhuru, iliyokusanya washiriki wapatao 20,000.

Zingatia mwendo huo. Hawakukurupuka. Walijaribu mara tatu, kila mara wakijifunza jambo, kabla ya kuligusa suala la afya.

Kazi yenyewe

Mwaka 1973 wakaingia kwa kishindo. Mtu ni Afya ililenga kuwafikia watu wengi kuliko kampeni zote zilizotangulia, na ilifika kwa watu wapatao milioni 2.

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuutekeleza. Kila kikundi kilikutana kwa wiki 12. Wanakikundi walisikiliza kipindi cha redio, kisha mmoja anayejua kusoma akasoma sura ya wiki hiyo kwenye kijitabu, halafu wakajadili: ugonjwa huu kwetu upo? Unatokea wapi? Tufanye nini? Mwisho wakaamua kazi ya kufanya na kuifanya wenyewe. Kufyeka nyasi karibu na nyumba, kufukia madimbwi, kuchemsha maji, kuchimba choo.

Unaweza kudhani mhimili wa kampeni ni redio. Mimi nadhani mhimili ulikuwa kiongozi wa kikundi. Waliandaliwa viongozi wapatao 75,000, kwa mafunzo ya ngazi kwa ngazi: waliofundishwa juu wakafundisha mikoani na wilayani, hao nao wakawafundisha wa chini yao, hadi kufika kwa mtu anayeishi kijijini hapo hapo. Piga hesabu: watu milioni 2 ukiwagawa kwa viongozi 75,000 unapata kama watu 27 kwa kila kiongozi. Hiyo ni idadi ya watu wanaofahamiana kwa majina. Kiongozi akisema "wiki ijayo tunaenda kwa fulani kumsaidia kuchimba", fulani hawezi kujificha, na wala hana haja ya kujificha, kwa sababu baada yake zamu ni ya mwingine.

Bibi yangu wa barazani alikuwa mmoja wa hao 75,000. Alikuwa msichana aliyemaliza shule ya msingi, na hicho ndicho kilichompa kazi: alijua kusoma.

Walijuaje kama imefaulu?

Hapa ndipo mimi kama mtafiti nilipotega masikio. Kampeni nyingi hupima ufaulu kwa kuhesabu fulana zilizogawiwa na mikutano iliyofanyika. Wale wa Taasisi walikuwa na kitengo cha utafiti, kikiongozwa na Budd Hall, mtafiti kutoka Amerika ya Kaskazini, ambaye baadaye aliandika kitabu kizima kuhusu kampeni hii. Walipima ujuzi wa washiriki, lakini hawakuishia hapo. Walikwenda kwenye nyumba kabla ya kampeni na baada yake, wakaangalia kwa macho: choo kipo? Kinatumika? Mazingira yamefyekwa?

Waligundua mabadiliko makubwa, na choo ndicho kilichoongoza. Kutokana na sampuli hiyo, vyoo vilivyochimbwa nchi nzima vilikadiriwa kufikia 750,000. Ni makadirio, siyo hesabu ya choo kimoja kimoja, kwa hiyo yachukue kwa tahadhari. Lakini hata ukiyakata nusu, ni kazi ya ajabu kwa kampeni ya wiki 12 iliyofanywa kwa majembe ya watu wenyewe.

Miaka mitano baadaye, Septemba 1978, mataifa yalikutana Alma-Ata na kutangaza kwamba afya ya msingi lazima ishirikishe wananchi wenyewe. Mwanakijiji wa Tanzania angeweza kusema: hilo tulishalifanya.

Upande tusioupigia makofi

Sasa, tusiipambe historia kama bibi harusi. Kuna maswali mawili ambayo huwa nayaona yanarukwa.

La kwanza ni hiari. Kampeni ilisukumwa na chama na serikali, na kwenye mfumo wa chama kimoja, mtu anayeambiwa na kiongozi wake "tuchimbe choo" hawezi kusema hapana kirahisi. Katika vyoo vile, vipi vilichimbwa kwa sababu watu walielewa, na vipi kwa sababu ya kuogopa kutajwa mkutanoni? Ukihesabu mashimo hupati jibu.

La pili ni muda. Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na katika miaka michache iliyofuata mamilioni ya watu walihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, wengine kwa nguvu. Fikiria familia iliyochimba choo katikati ya 1973, ikaondolewa pale mwaka uliofuata. Choo hakihami na mtu. Ujuzi unahama, lakini shimo linabaki, na kule mnakokwenda mnaanza upya, pengine kwenye udongo mwingine usioshika.

Na hata asiyehamishwa, choo cha shimo hujaa, au huanguka. Baada ya wiki 12 kikundi kilikuwa kimetawanyika. Nani angerudi mwaka wa tatu kuuliza, "Bibi, kile choo bado kipo?"

Miaka zaidi ya arobaini baadaye, mwaka 2017, serikali ilizindua kampeni nyingine yenye jina la Nyumba ni Choo. Mimi naiunga mkono. Ila kuwepo kwake kunatuambia kwamba kazi ya 1973 haikuisha.

Na sisi wanafunzi je?

Miaka ileile Dar es Salaam ilikuwa inachemka kwa mjadala kuhusu namna ya kufanya utafiti. Paulo Freire, mwalimu maarufu wa Brazil, alipita hapo mwaka 1971. Marja-Liisa Swantz, mtafiti wa Kifini, alikuwa akifanya kazi na wanavijiji kama watafiti wenzake, na kati ya 1975 na 1979 aliongoza mradi wa Jipemoyo, Bagamoyo, uliowaunganisha watafiti wa Tanzania na Finland. Budd Hall naye alikuwa akiandika kwamba dodoso la kawaida linamnyang'anya mwanakijiji sauti: linampa maswali ya mtu mwingine na majibu ya kuchagua. Kutokana na mijadala hiyo, Dar es Salaam ikawa mojawapo ya vitovu vya kile tunachokiita leo utafiti shirikishi.

Inanichoma nikikumbuka kwamba nimesoma utafiti shirikishi darasani kupitia vitabu vilivyochapwa ng'ambo, bila kuambiwa kwamba sehemu ya mzizi wake ni umbali wa safari ya basi kutoka hapa. Kisha nikaenda kwa bibi na dodoso la ndiyo na hapana.

Basi nilifanya nini? Nilimweleza msimamizi wangu. Tulikubaliana niongeze maswali ya wazi kuhusu historia ya choo cha kila kaya: kilichimbwa lini, kimeanguka lini, udongo ukoje, nani aliyesaidia, gharama ya kukijenga upya. Nikarudi kijijini kwa nauli yangu mwenyewe. Tasnifu ikachelewa muhula mzima. Lakini picha niliyoipata ilikuwa tofauti kabisa: nyumba nyingi "zisizo na choo" zilikuwa zimewahi kuwa nacho. Walichokosa ni namna ya kukinga shimo lisititie, yaani matofali, saruji au pipa, na mtu wa kuwaonyesha. Bango la kunawa mikono lisingewasaidia kitu.

Nilipomaliza nilirudi tena, safari hii na karatasi mbili za matokeo kwa Kiswahili, nikazisoma mbele ya mkutano wa kijiji. Bibi alikuwepo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasimama na kumuuliza mwenyekiti: haya, hayo matofali tunaanza lini kuyafyatua?

Waswahili husema kuuliza si ujinga. Ni kweli. Ila ukienda kwa mtu kuuliza anachokijua tangu kabla hujazaliwa, halafu ukaondoka bila kuuliza kinachomsumbua, hapo ujinga unao wewe. Kama unaandaa utafiti wa afya ya jamii mwaka huu, nakuomba jambo moja. Kabla hujachapa dodoso, tafuta wazee watatu wa pale unapokwenda, uwaulize ni kampeni gani zilishapita hapo, nini kilibaki, na nini kilianguka. Andika maswali yako baada ya hapo.