Faini na Pingu: Mambo ya Bangi katika Majimbo ya Marekani



Bila shaka umepata kusikia watu wakisema ya kuwa huko Marekani bangi iliruhusiwa tangu miaka ya 1970. Sivyo. Kuondoa kifungo ni jambo moja, na kuruhusu ni jambo jingine mbali. Jimbo la Oregon, ndilo lililotangulia mwaka 1973, halikumpa mtu ruhusa ya kuuza bangi wala kuivuta. Lilisema tu kwamba atakayekutwa na kiasi kisichozidi wakia moja, yapata gramu 28, atozwe faini isiyopita dola 100, wala asitiwe jela. (Hukumu ya kilevi katika dini yetu yajulikana, na siyo maneno yetu leo.)

Ni nini kilichowafikisha hapo? Adhabu zilikuwa zimepita mpaka. Mwaka 1969, katika jimbo la Michigan, John Sinclair alihukumiwa miaka 10 kwa misokoto miwili! Mwaka 1972 tume iliyoongozwa na Raymond Shafer ilishauri kwamba mwenye bangi ya kuvuta mwenyewe asihesabiwe mhalifu. Rais Nixon akalikataa shauri hilo, lakini majimbo hayakumngojea. Kufikia 1978 yalikuwa 11.

Sasa yatazame ya New York. Sheria ya huko ya mwaka 1977 iliweka faini kwa mwenye gramu 25 au pungufu. Lakini ilibakiza kifungu kimoja: bangi ikionekana hadharani, ni jinai. Iliyo mfukoni faini, iliyo mkononi pingu. Basi askari wa jiji wakawa wakiwasimamisha vijana njiani na kuwaamuru watoe vilivyomo mifukoni. Kijana akitii, bangi imekwisha kuwa hadharani! Mwaka 2011 peke yake walikamatwa zaidi ya watu 50,000 jijini kwa bangi kidogo, wengi wao weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, ingawa weupe nao huivuta. Aliyekamatwa aliweza kulala mahabusi, kisha jina lake likabaki katika daftari, akanyimwa kazi kwa hilo.

Mwaka huohuo mkuu wa polisi aliwakataza askari wake hila hiyo. Kifungu chenyewe hakikuondolewa ila mwaka 2019, miaka 42 tangu sheria ilipopitishwa, na ndipo hukumu za zamani zilipoanza kufutwa.