Arua: Kutoka Mkoa wa Vibarua hadi Jiji

Arua ilianzishwa mwaka 1914, na tangu mwanzo ilipangiwa kazi ya kutoa vibarua. Kabla ya hapo ardhi hii ilikuwa sehemu ya Lado, eneo ambalo Waingereza walimkodisha Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji mwaka 1894. Leopold alipofariki mwaka 1909, Lado ikarudishwa Sudan, na miaka michache baadaye kipande chake cha kusini kikaunganishwa na Uganda. A. E. Weatherhead, mkuu wa kwanza wa wilaya mpya ya West Nile, akaweka boma lake Arua.

Serikali ya kikoloni haikuona faida kubwa ya kuhimiza pamba West Nile: njia ya kuisafirisha ilikuwa ndefu na ya gharama, na nguvu za vijana zilitakiwa kusini. Hivyo Walugbara, Waalur na Wakakwa wakaenda kukata miwa Lugazi na Kakira, au wakajiandikisha katika jeshi la King's African Rifles. Tumbaku ilikuja baadaye, lakini haikutosha kuwazuia vijana nyumbani. Wengi walirudi na Kiswahili cha kambini, ambacho hadi leo husikika sokoni Arua na katika mji wa mpakani wa Koboko.

Jeshi hilo hilo ndilo lililoiletea West Nile msiba. Idi Amin, Mkakwa mwenye asili ya Koboko aliyeanzia jeshini humo, alitwaa madaraka ya Uganda mwaka 1971. Alipoangushwa mwaka 1979, mkoa mzima ulibebeshwa hatia yake. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1980, majeshi ya serikali mpya yalilipiza kisasi kwa raia, na maelfu kwa maelfu wakavuka mpaka kukimbilia Kongo na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981, raia waliojihifadhi katika misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa. Mji wa Arua ulibaki na majengo matupu, na kilichojengwa kwa miongo kadhaa kikapotea. Historia ya uchumi wa mkoa huu isiyotaja Ombaci ni pungufu.

Kurudi kwa wakimbizi kulikuwa kwa taratibu. Arua na Koboko zilijijenga upya kwa biashara ya mpakani, maana Koboko ipo pale zinapokutana Uganda, Kongo na Sudan Kusini. Viwanda vilichelewa kwa sababu ya umeme: kwa miaka mingi Arua ilitegemea jenereta za dizeli, kisha bwawa dogo la Nyagak, lenye uwezo wa megawati 3.5, lililozinduliwa mwaka 2012. Mwaka 2020 Arua ikatangazwa kuwa jiji, na mwaka 2024 ndipo gridi ya taifa ikafika.

Sasa asali, ufuta na muhogo wa West Nile vinaweza kusindikwa hapa hapa. Viongozi wa Arua na Koboko, wapeni vijana kazi nyumbani kwao kabla hamjawatafutia ajira kusini.