Farasi, Theluji na Majani

Wazee wetu waliosafiri kwa miguu walitafuta maji kwanza kabla ya kutua mizigo. Mwenye farasi milimani hutafuta majani pia, maana farasi akikosa malisho safari imekwisha. Jambo hilo Kapteni Lewis na Kapteni Clark wa Marekani walijifunza kwa njaa.

Septemba 1805, wakienda Bahari ya Pasifiki, waliingia Milima ya Bitterroot na farasi walionunua kwa Washoshone. Theluji ikawaangukia, mawindo yakakosekana, wakachinja watoto wa farasi wakala. Yapata siku 11 walihangaika, mpaka wakashukia kwa Wanez Perce, wafugaji mashuhuri wa farasi, wakapewa samaki na mizizi.

Walipokuwa wakirudi, Juni 1806, hawakungoja kiongozi. Tarehe 17 wakakuta theluji ya futi 12 hadi 15 imeifunika njia. Wakipotea, farasi watakufa wote, na huenda vitabu vya habari walizokusanya vikapotea pia. Wakaacha mizigo juu ya majukwaa, wakarudi nyuma. Sisi twaona kurudi huko kulitaka moyo kuliko kuendelea.

Ndipo wakapata vijana wa Kinez Perce, kwa ujira wa bunduki. (Usiku mmoja vijana hao waliwasha moto misonobari mizima, ili hali ya hewa iwe njema!) Theluji ilikuwa imeshikamana, ikachukua kwato za farasi, nao vijana wakaifuata njia isiyoonekana. Jioni ya tarehe 26 wakawafikisha kwenye mteremko uelekeao kusini, ambako jua lilikuwa limekwisha yeyusha theluji: chemchemi ipo, majani tele. Tarehe 30 walikuwa wamekwisha vuka.