Kikoa Kisicho na Zamu

Nalienzi neno kikoa kwa asili yake: chakula cha shirika, wenzi wakila pamoja na kila mmoja akiandaa kwa zamu. Leo neno hilo limehamia kwenye anwani za intaneti.

Kikoa cha taifa, .tz, kilianza mwaka 1995. Mwaka 2006 iliundwa tzNIC ili kukisimamia, na ofisi yake ikawa Kijitonyama, Kinondoni. Chini ya .co.tz, duka la Temeke na benki kubwa huketi mkeka mmoja.

Mwaka 2012, ICANN, msimamizi wa majina hayo duniani, iliziruhusu kampuni kuomba vikoa vyao wenyewe, jina la kampuni likae mwisho wa anwani mahali pa .tz. Ada ya kuomba pekee ilikuwa dola 185,000. Katika maombi 1,930 ya kila aina, ya Afrika nzima yalikuwa 17. Ndipo zikaja .bmw na .google. Ikaja pia .mcdonalds, ambayo mwaka 2017 mwenyewe aliomba ifutwe.

Kisheria, hivyo navyo ni vikoa. Kwa Kiswahili cha wahenga, mlo usio na mwenzi wala zamu haukustahili jina hilo.