Uwakilishi wa namba katika vikokotoo na emuleta

Kompyuta hukokotoa kwa mfumo wa namba mbili, lakini vikokotoo vingi vya mkononi hutunza kila tarakimu ya desimali peke yake, kwa biti 4. Katika HP-35, kikokotoo cha kisayansi cha mwaka 1972, rejista ilikuwa na biti 56, yaani nafasi 14: 10 za tarakimu zenyewe, 3 za kipeo na alama yake, na 1 ya alama ya chanya au hasi. Wanaoupinga utaratibu huu husema unapoteza nafasi, kwa kuwa biti 4 hutoa michanganyiko 16 na 6 kati yake haitumiki. Mfumo wa namba mbili ungebeba tarakimu nyingi zaidi na kufanya hesabu upesi zaidi. Ni kweli, ila hoja hiyo inamsahau mtumiaji. Anayebonyeza 0.1 anataka moja ya kumi kamili, na mfumo wa namba mbili hauna biti za kutosha kuiandika, hata zikiongezwa vipi. Ndiyo maana kompyuta inayofuata kanuni ya IEEE 754 ya mwaka 1985 ikijumlisha 0.1 na 0.2 hupata 0.30000000000000004. Kuhusu kasi, katika hesabu za kawaida kidole kinachobonyeza huwa nyuma ya mashine.

Desimali nayo ina mipaka yake, na emuleta, yaani programu inayoiga mashine nyingine, hupimwa hasa kwenye mipaka hiyo. Kikokotoo cha HP-42S cha mwaka 1988 kikigawa 1 kwa 3, kisha kikazidisha kwa 3, hupata 0.999999999999. Emuleta inayoendesha programu asilia ya kikokotoo, amri kwa amri, hurithi jibu hilo. Free42 ya Thomas Okken huiga HP-42S bila programu hiyo, na toleo lake la desimali hubeba tarakimu 34 badala ya 12. Je, usahihi ukizidi kuna ubaya gani? Kwa anayetafuta jibu tu, hakuna. Lakini programu inayorudia hesabu mpaka majibu mawili mfululizo yalingane husimama kulingana na idadi ya tarakimu. Idadi hiyo ikiongezwa, mwenendo wa programu hubadilika. Basi Free42 ni kikokotoo kipya, tena kizuri, chenye vitufe vya zamani. Emuleta ya kweli huiga hata kasoro: HP-35 za mwanzo zilipotafuta logi asilia ya 2.02 na kuirudisha kwa kipeo cha e, zilitoa 2. Emuleta ya mashine hizo inayotoa 2.02 imekosea.