Baada ya Mafuriko

Msomaji, katika masika ya mwaka 2024 Mto Nairobi na mito inayouingia ilifurika, na mitaa ya mashariki ya jiji, tangu Mathare hata Njiru, ikaingiliwa na maji. Katika Kenya nzima walikufa watu zaidi ya 200, na maelfu ya jamaa walihama makwao. Shule zilizokuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili hazikufunguliwa mpaka tarehe 13 Mei. Maji yakapungua, matope yakazolewa, wanafunzi wakarudi madarasani. Je, msiba ulikuwa umekwisha?

Wazee wetu walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kijana aliyeona maji yakiingia kwao usiku huenda akashtuka kila mvua ipigapo mabati. Huota ndoto zile zile, hukwepa njia ya mtoni, na husoma ukurasa mzima asishike neno. Hali hiyo ikizidi mwezi mmoja na kumharibia maisha yake, madaktari huiita mfadhaiko wa baada ya kiwewe.

Ugonjwa huu ni wa kale kuliko jina lake. Katika Vita Kuu ya mwaka 1914 hadi 1918, askari wengi waliotetemeka pasipo jeraha walidhaniwa kuwa waoga. Ilipofika mwaka 1980, baada ya Vita vya Vietnam, ndipo madaktari wa akili wa Marekani walipoutia katika orodha yao rasmi ya maradhi.

Tarehe 7 Desemba 1988 tetemeko la ardhi liliua yapata watu 25,000 katika Armenia, nchi ya mbali na kwetu, wakati watoto wengi walipokuwa darasani. Mwaka mmoja na nusu baadaye, baadhi ya vijana wa mji wa Gyumri walitibiwa shuleni mwao kwa mazungumzo. Walisimulia waliyoyaona, wakawaomboleza wafu wao, wakajifunza kutambua mambo yanayowashtua. Hao walipata nafuu. Bali wenzao wasiotibiwa walizidi kuteseka, wala kupita kwa siku hakukuwaponya.

Basi, msomaji, ukimwona mwenzako wa Njiru akijikunyata mawingu yatandapo, usimwite mwoga wala mvivu. Keti naye. Akitaka kusema, msikilize; asipotaka, usimlazimishe. Kisha mfuatane kwa mwalimu wa ushauri, au hospitalini. Masika hurudi kila mwaka, naye hana budi kuyapitia akiwa na watu wa kumshika mkono.