Nafasi ya Wanafunzi katika Ujenzi wa Mfumo wa PLATO, Chuo Kikuu cha Illinois, 1960–1973

Mfumo wa PLATO, ulioanzishwa mwaka 1960 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, ili kufundishia kwa kompyuta, kwa kawaida huhusishwa na jina la mhandisi Donald Bitzer. Jina hilo linastahili kutajwa. Hata hivyo, masimulizi yanayoishia kwake huwaacha nje wanafunzi ambao, bila wao, mfumo huo usingalifikia umbo lililoufanya ujulikane.

Mfano wa kwanza ni skrini. Kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ghali mno, na skrini za aina ya televisheni ziliihitaji ili picha isipotee. Mwaka 1964 Bitzer, mwenzake Gene Slottow na mwanafunzi wa uzamivu Robert Willson walibuni skrini ya plazma, ambayo vijichumba vyake vya gesi hubaki vikiwaka au vikiwa vimezima bila kukumbushwa na kompyuta. Ugunduzi huo ndio uliokuwa kiini cha tasnifu ya Willson, na hataza iliyotolewa mwaka 1971 inawataja wote watatu.

Mfano wa pili una uzito zaidi kwa mwalimu. Hapo awali, mhadhiri aliyetaka kuandaa somo alilazimika kujua mambo mengi ya mashine au kumtegemea mtaalamu, naye mtaalamu hakuijua kemia wala uuguzi. Mwaka 1967 Paul Tenczar, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamili wa biolojia (si wa uhandisi, jambo lisilopaswa kupuuzwa), alibuni lugha ya TUTOR. Amri zake zilifuata kazi halisi ya darasani: kuandika maelezo kwenye skrini, kuuliza swali, kupima jibu la mwanafunzi. Tangu hapo mhadhiri aliweza kuandika somo lake mwenyewe. Wengi, kwa kukosa muda, waliendelea kuketi na vijana waliowaandikia programu, baadhi yao wakiwa bado wa sekondari. Lakini sasa waliweza kusoma kilichoandikwa na kukisahihisha.

Makosa ya mfumo yaliripotiwa katika faili moja la pamoja, ambamo yeyote aliweza kufuta maneno ya mwenzake. Mwaka 1973 David Woolley, mwanafunzi wa miaka 17, aliandika programu ya Notes kuondoa kasoro hiyo. Haukupita muda mrefu kabla ya watumiaji kuandikiana humo mambo mengine kabisa.